Musimu wa Kuitwa Tante

8 septemba

Leo mvua ya kwanza imenyesha, na leo nimekubali. Naandika yote mawili pamoja kwa sababu sijui lipi litaniletea matope mengi zaidi.

Jamila amepata nafasi ya kusomea uuguzi kule Bulaya. Masomo yanaanza februari. Anataka kusoma, kisha apate kazi kulekule, abaki. Hakunificha, alisema wazi: kubaki. Lakini wanaomba mutu wa kumubeba, mutu atakayesaini kwamba mutoto huyu akila, akiugua, akilala, ni yeye atakayelipa. Hiyo njo wanaita prise en charge. Alipofika kwenye hilo neno akanitazama.

Angemutazama nani mwingine? Mama yake, Mwamini, alikuwa mudogo wangu, tulinyonya ziwa moja. Alikufa Jamila akiwa bado anatambaa. Baba yake alirudi Kasongo kutafuta dhahabu, na mpaka leo anatafuta. Miye sikuzaa. Marehemu bwana yangu alinioa hivyo na akaniacha hivyo, Mungu amurehemu. Yule mutoto nilimufunga mugongoni siku ya maziko na sikumushusha tena. Muulize mutu yeyote hapa Birere, mujini Goma, Kuluthumu wa butike ya vitambaa vya vikwembe ana mutoto? Watakuambia anaye, anaitwa Jamila.

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Ndiyo tabia yangu: mudomo unatangulia, kichwa kinafuata kwa miguu.

11 septemba

Mvua. Watu waliingia butikeni kujikinga tu, hata hawakugusa kitambaa.

15 septemba

Tumeenda kwa Luc, kijana anayetengeneza dossier, karatasi zote za watu wanaosafiri. Ana chumba kidogo, mashini mbili za kuandikia, na moteri ya stima inayolia kama mutoto anayeota meno. Mupole, lakini ana haraka. Alianza kujaza majina, akaniuliza kwa heshima: mama, weye ni nani kwake?

Nikajibu: mama mukubwa. Akaandika, akafuta.

“Kifaransa chao hakina mama mukubwa,” akasema. “Kuna mère, yule aliyezaa, kuna tante. Mère amekufa. Kwa hiyo weye ni tante.”

Tukabishana. Nikamuambia tante ni dada ya baba, ni shangazi, ni mutu anayekuja na zawadi siku ya sikukuu na kurudi kwake. Miye ni wa tumbo moja na mama yake. Kwetu mama akifa, mama hajaisha. Luc akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamugeukia Jamila, akamueleza yeye. Atapelekwa Kigali kuhojiwa na wale wa viza. Wakimuuliza nani anayekulipia, akajibu “maman”, na kwenye karatasi maman ni marehemu, wataandika kwamba tumedanganya, na dossier inafia palepale. Afadhali azoee tangu leo, hata nyumbani, ulimi usimuteleze.

Tukitoka nikamuambia Jamila: basi umesikia, miye ni tante yako. Akacheka mpaka akaegemea ukuta wa mawe ya volkano. Na miye nikacheka. Mama mutu muzima, nimepewa jina jipya kama mutoto anayeanza shule.

16 septemba

Ameamka: “Mama, chai iko tayari.” Nikamuuliza, chai ya nani, ya mama ao ya tante? Tumecheka tena.

23 septemba

Leo tumemuua Mwamini kwenye karatasi.

Hatukuwa tumemuandikisha. Alikufa, tukamuzika, nani alikuwa na akili ya kukimbilia ofisi? Sasa wanataka acte de décès, karatasi ya kifo. Karani akauliza alikufa kwa nini. Nikasema homa. Akauliza kama aliacha watoto. Nikasema mumoja, huyu. Karani akamuangalia Jamila, akampa pole, kama vile jambo limetokea asubuhi hii.

Kurudi, mvua ilitukuta njiani. Jamila aliiweka ile karatasi kwenye sashi ya plastiki, akaificha chini ya kikwembe chake. Akaniuliza, sauti ya mama yake ilikuwa namna gani. Nikamuambia ilikuwa kama yako. Ukweli ni kwamba siikumbuki vizuri, na nimeona haya kusema hivyo. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza, na miye nilifurahi kwamba haulizi. Nilidhani ni kwa sababu hakupungukiwa na kitu.

1 oktoba

Nimeuza kiwanja cha Lac Vert, kile alichoniachia bwana yangu. Benki za hapa zimefungwa tangu vita vilipoingia mujini, kwa hiyo pesa nimezipeleka Gisenyi, ng’ambo ya mpaka, zikae kwenye compte ya benki, wale wa viza wazione. Mwenye kununua alijua nina haraka, basi alinibana. Hemedi, ndugu yangu, amekasirika. Amesema kiwanja ni cha ukoo na huyu mutoto akishafika kule atatusahau. Nikamuambia mutoto hasahau mama. Akanijibu kwamba hivi sasa miye si mama, yeye mwenyewe amesikia Jamila akiniita tante mbele ya wageni.

Nikamumiminia chai.

4 oktoba

Mvua. Tumekula sombe na samaki wa sambaza.

9 oktoba

Bado anateleza. Siku nzima anasema vizuri, kisha akishituka ao akichoka, neno la zamani linatoka. Luc amesema anaweza kuitwa wakati wowote. Basi nimebadilisha sheria: akiniita mama, siitiki. Anaweza kusimama mbele yangu na sahani, nitaangalia dirisha mpaka aseme vizuri. Amenuna, lakini anajifunza.

12 oktoba

Sijui kama niandike hili. Naandika.

Jana nilikuwa sebuleni, nimeweka miguu kwenye kiti, mvua inapiga mabati. Jamila alikuwa jikoni anakaanga ndizi. Akaniita, “Mama.” Nikanyamaza. Akaniita tena, juu zaidi. Nikajisemea, huyu mutoto ataniharibia pesa zangu, na nikakaa. Mara ya tatu sauti ilibadilika, na nilisikia imebadilika. Naapa nilisikia. Na bado nikakaa, nikingoja lile neno lingine.

Kisha akasema, polepole, kama anamuuliza mutu nyumba fulani iko wapi:

“Tante. Naungua.”

Nikakimbia. Sufuria ilikuwa imepinduka, mafuta yamemumwagikia mukono wa kushoto, kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alikuwa ameukumbatia kwenye tumbo, halii. Nikamumwagia maji ya bidon yote, nikamupeleka kwenye kituo cha afya nikiwa na ndala za rangi mbili. Muuguzi akaniuliza: weye ni mama yake? Jamila akajibu kabla yangu. Akasema: ni tante yangu.

Nilitaka kumuomba musamaha njiani. Nikasema tu kwamba mafuta yale yalikuwa mengi mno kwa ndizi chache.

20 oktoba

Tangu siku ile hajateleza hata mara moja.

25 oktoba

Patricia, jirani yangu wa butike, anauza viatu na ananijua tangu tukiwa wasichana. Leo Jamila alileta chakula, akasema, “Tante, nimeweka pilipili pembeni.” Alipoondoka Patricia akaniuliza kama tumegombana. Nikamueleza habari ya dossier. Akasikiliza, akasema karatasi za wazungu zina mambo. Kisha akasema mutoto wake mwenyewe akimuita tante hata kwa mchezo, angemupiga kiatu. Tulicheka, lakini chakula chote nikamupa yeye.

3 novemba

Malaria imemushika Jamila. Jana na leo nimefunga butike. Homa ilipanda mpaka akawa anaongea maneno ya ovyo: habari za shule, za mbuzi fulani, jina la rafiki yake wa zamani. Niliketi kando na kitambaa cha maji. Nitaandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Nilikuwa nangoja ateleze. Nilisema moyoni, kwenye homa mutu hajizuii, sasa litatoka. Akafungua macho, akasema: “Tante, maji.”

Nikampa maji.

6 novemba

Amepona, alhamdulillah. Amekula.

18 novemba

Jamila amerudi salama kutoka kuhojiwa Kigali. Nilimungojea mpakani, Grande Barrière, mvua inanyesha upande wa huku tu, upande wa kule kukavu, sijui Mungu alikuwa na maana gani. Alikuwa na furaha, akaongea njia nzima. Walimuuliza anataka kusoma nini na kwa nini kule, akajibu. Wakamuuliza nani analipa. Akasimama palepale kando ya barabara, pikipiki zinapita zikiturushia matope, akanionyesha alivyosema, mikono imefungwa mbele, shingo imenyooka: “C’est ma tante maternelle, Madame.” Tante wa upande wa mama.

“Sikusita hata kidogo,” akaniambia.

Nikamupongeza. Nyumbani nikaanza kukunja vikwembe vilivyokuwa vimeshakunjwa.

27 novemba

Radi imepiga nguzo ya stima mutaani kwetu. Mushumaa.

3 desemba

Wamenipigia simu, wale wa viza.

Hakuna aliyetuambia kwamba na miye nitaulizwa. Nilikuwa butikeni, Patricia amekaa kwenye tabure yangu akichambua mchele, wateja waliotoka Sake wanashika vitambaa. Sauti ya mwanamuke, Kifaransa safi, ya heshima. Akaniuliza jina, kazi, tangu mwaka gani. Kifaransa changu ni cha sokoni lakini kilitosha, nikajibu muzuri. Akauliza habari ya kiwanja. Nikajibu. Akauliza kama nina watoto. Nikasema sina, kwa sababu kwenye karatasi sina.

Nikasikia anaandika kwenye mashini. Kisha akasema nimusaidie kuelewa. Mutu asiye na mutoto anauza kiwanja chake chote, juu ya mutoto wa mwingine. Kwa nini? Hakusema kwa ubaya. Ilikuwa kazi yake kuuliza. Lakini lile neno, mutoto wa mwingine, liliniingia, na nadhani lilikuta pale ndani kila siku ya musimu huu imepangwa inangoja. Mukono wake. Maji ya homa. “Sikusita hata kidogo.”

“Si mutoto wa mwingine, Madame,” nikasema. “Ni mutoto wangu. Je suis sa mère. Muulize mutu yeyote hapa Goma. Mama yake ni nani kama si miye?”

“Merci, Madame,” akasema. “C’est noté.” Imeandikwa.

Patricia akaweka ungo chini, akaniambia nimemujibu kama mwanamuke. Wateja nao walitikisa kichwa kukubali. Na miye nilikuwa najisikia muzuri, Mungu anisamehe, nilijisikia muzuri mpaka muadhini alipoita Adhuhuri. Halafu kichwa kikafika.

4 desemba

Namba haionekani, siwezi kupiga. Nilifika mpaka mulangoni kwa Luc, nikasikia anamugombeza mutu mwingine aliyekosea kitu kidogo kuliko changu. Nikarudi.

Sijamuambia Jamila. Pengine yule mwanamuke ataelewa. Na yeye ana mama.

9 desemba

Mvua.

10 desemba

Mvua. Jamila amefuma sweta mbili kwa sufu niliyomununulia, moja yake, moja ya kumupa atakayelala naye chumba kimoja kule.

17 desemba

Wamekataa.

Luc alitupigia, tukaenda, akatusomea. Uhusiano kati ya mwombaji na mwenye kumubeba hauaminiki, maelezo yanapingana. Basi. Luc akamuangalia Jamila, akamuuliza, polepole, kama kule Kigali alisema lile neno, “maman”. Jamila akasema hapana. Kisha akasema hajui. Kisha akaanza kulia, hapo kwenye kiti cha plastiki, akisema pengine alisema, pengine lilimutoka bila kusikia, aliogopa sana siku ile, pengine mwishoni, akiaga.

Nilikuwa nimekaa karibu yake, mabega yanagusana. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Mudomo wangu, huu unaotangulia kila mahali, leo haukufunguka.

19 desemba

Anarudia maswali yote tangu mwanzo. Anafagia, anayarudia. Wakasema hivi, nikajibu hivi. Jioni ameniletea maji ya kuoga, akapiga magoti kama mugeni.

“Tante, unisamehe,” akasema. “Umeuza kiwanja chako na miye nimekosa neno moja tu.”

Nikamuambia ainuke. Nikamuambia haya mambo ni ya Mungu. Namna gani mutu anaweza kumusingizia Mungu jambo kama hilo na maji ya kuoga hayajapoa?

21 desemba

Nimemuambia.

Alikuwa uani anasafisha sambaza, mvua imepumzika. Nilisimama nyuma yake ili nisione uso. Nikasema: si weye, ni miye. Walinipigia simu. Nikamueleza yote, swali la mwanamuke yule, jibu langu, Patricia, hata kwamba nilijisikia muzuri. Mikono yake haikusimama. Akauliza nilisemaje hasa. Nikasema: je suis sa mère.

Akamaliza samaki aliyekuwa mukononi, akamuweka kwenye beseni. Akavuta mukono wa gauni, nikaona ngozi ile, bado nyekundu na inang’aa.

“Miye mukono wangu uliungua, tante,” akasema.

Angenitukana ningejua pa kushika. Nikakaa chini kwenye jiwe, nikalia, na yeye akaendelea na sambaza mpaka zikaisha.

24 desemba

Luc hakunigombeza, na hilo liliuma. Amesema kuna njia: recours, yaani rufaa, kabla ya mwezi kwisha, na pamoja nayo tamko langu mbele ya notere, mutu wa kuthibitisha karatasi, kwamba siku ile ya simu nilikosea. Na Jamila atasaini chini yake. Ameandika palepale. Nilimuomba aweke kwamba si mutoto wangu wa kuzaa. Akasema tusiongeze maneno, ni maneno ya kuongeza yaliyotufikisha hapa.

30 desemba

Kwa notere kuna desturi: anayetangaza anasoma kwa sauti, amesimama. Nilivaa kikwembe changu cha Idi, sijui kwa nini. Jamila alikuwa nyuma yangu kidogo, kulia. Nikasoma kwamba miye, Kuluthumu binti Ramazani, mufanyabiashara, mukaaji wa Goma, natangaza bila kulazimishwa na mutu: je ne suis pas sa mère, miye si mama yake. Notere hakusikia vizuri, moteri ya jirani ilikuwa inalia. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Kisha Jamila akaitwa. Nilidhani atasita. Nitaandika tena ukweli: niliomba asite. Kama angeweka kalamu chini, akasema siwezi kusaini hii, ningekasirika, ningemupigia kelele mbele ya watu kwa kiwanja changu, na ningekuwa mwanamuke mwenye furaha kuliko wote hapa mujini. Alisoma mustari kwa mustari, akauliza tarehe ni ngapi, akasaini. Jina lake lilikaa chini ya langu, safi. Luc akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimemufundisha vizuri sana.

2 januari

Recours imeondoka. Luc anasema mara hii itapita, ameona nyingi. Jamila atakwenda, inshallah, na nitakuwa nimefanya nilichoahidi siku ya mvua ya kwanza.

Leo hakukunyesha kabisa. Tulikuwa peke yetu jikoni, anapika wali, mulango umefungwa. Nikamuambia: hapa hakuna anayetusikia. Mashini hakuna, karatasi hakuna. Uniite tu, mara moja.

Alifikiri. Hakuwa na hasira, hasira imekwisha, niliona anatafuta namna ya kunijibu bila kuniumiza. Akafunika sufuria, akapangusa mikono, akanishika begani.

“Acha viza itoke kwanza, tante,” akasema. “Nisije nikakosea.”

Nikamuambia ana haki. Nikaenda kukaa sebuleni, nikawa namusikiliza anavyopakua, nikingoja aniite, hata kwa jina hilo.